Padri Matteo Ricci, Mwalimu na Rafiki

Katika nyumba za malezi ya mapadri liko onyo moja la tangu zamani, ambalo wazee wetu walilisikia mara nyingi: «Jihadharini na urafiki wa pekee.» Onyo hilo lina haki. Wanaseminari wawili wakijifungia peke yao, wakiwaacha wenzao nje, si muda mrefu jumuiya nzima itaugua. Lakini kuna waliolisikia vibaya. Wengine walidhani kwamba padri mwema ni yule asiye na rafiki hata mmoja. Wengine tena walidhani kwamba rafiki wa padri ni mtu wa kutafutwa kwa ajili ya ubatizo tu, na kazi hiyo ikiisha, au ikishindikana, urafiki nao umekwisha.

Kusudi tunyoshe mawazo hayo, tumeona vema kukumbuka hapa maisha ya mtu mmoja aliyesafiri mbali kuliko wengi wa wakati wake, aliyefundisha karibu maisha yake yote, na ambaye kitabu chake cha kwanza kusifiwa na Wachina wasomi kilikuwa kitabu juu ya urafiki. Ndiye Padri Matteo Ricci, wa Shirika la Yezu.

I. Kijana wa Macerata

Matteo Ricci alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1552 katika mji wa Macerata, inchi ya Italia. Baba yake alikuwa mwuza dawa, naye alitamani mtoto wake apate cheo. Kwa hiyo mwaka 1568 alimtuma Roma kusoma sheria. Lakini tarehe 15 Agosti 1571, siku ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, kijana alibisha hodi kwa Wajezuiti akapokelewa. Katika Koleji ya Roma alisoma hesabu na elimu ya nyota kwa Padri Christophorus Clavius, yule yule aliyesaidia kutengeneza kalenda ya Papa Gregori wa 13, ambayo tunaifuata mpaka leo. Tuweke neno hilo moyoni, maana tutalihitaji mbele: kabla ya kuwa mwalimu, Ricci alikuwa mwanafunzi mwenye kumpenda mwalimu wake. Miaka mingi baadaye, akiwa China, aliwafundisha watu kwa kitabu kile ambacho Clavius alikuwa amekifasiria.

Mwaka 1578 alipanda merikebu Lisbon. Njiani ilitua Msumbiji, na hivyo Ricci alikanyaga inchi ya Afrika yetu, kisha mwezi wa Septemba mwaka ule ule akafika Goa, huko India. Alifundisha Kilatini na Kigiriki, na mwaka 1580 akapewa upadri katika mji wa Cochin. Mwezi wa Agosti 1582 akafika Macao, kwenye mlango wa China. Hakurudi Italia tena hata siku moja.

Marafiki wa ujana je? Hakuwaacha. Mmoja wao alikuwa Padri Girolamo Costa, mtu wa Macerata kama yeye, na Mjezuiti kama yeye. Ricci alimwandikia miaka na miaka. Lakini barua ya wakati ule haikuwa kama ya leo. Ilipita bahari mbili, ilingoja upepo, mara nyingine ilizama pamoja na merikebu. Mtu aliyeuliza neno aliweza kungoja jibu miaka sita au saba. Katika barua moja Ricci alikiri kwamba kila alipokumbuka barua ndefu alizowaandikia watu ambao kumbe walikuwa wamekwisha kufa, alikosa nguvu ya kuandika nyingine. Hata hivyo aliandika tena. Sisi tunaolalamika rafiki akikawia kujibu siku mbili, tupime jambo hilo.

II. Mgeni asiye na mahali pake

Mwezi wa Septemba 1583, Ricci na mwenzake Padri Michele Ruggieri walipata ruhusa ya kukaa katika mji wa Zhaoqing, kusini mwa China. Walinyoa vichwa, wakavaa kanzu kama watawa wa Buddha, wakidhani kwamba ndiyo njia ya kujulikana kuwa watu wa dini. Ricci alijifunza lugha kwa bidii kubwa. Mwaka 1584 alichora ramani ya dunia yenye maandishi ya Kichina. Watu walikuja kutazama ramani, vioo na saa zake. Walistaajabu, kisha wakaenda zao.

Mwaka 1589 mtawala mpya aliwafukuza katika nyumba waliyokuwa wameijenga. Wakahamia Shaozhou. Huko Ricci alipata machungu makubwa kuliko kufukuzwa. Padri Antonio de Almeida, mwenzake kijana, alikufa mwaka 1591. Padri Francesco de Petris aliyetumwa badala yake alikufa mwaka 1593. Miaka kumi imepita, wakristu ni wachache, wenzake wawili wako kaburini, naye bado ni mgeni.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Tuangalie namna Wachina walivyopanga maisha ya watu. Wanafunzi wa Confucius walihesabu mafungamano matano: mfalme na raia, baba na mwana, mume na mke, kaka na mdogo wake, na la tano, rafiki na rafiki. Manne ya kwanza yana mkubwa na mdogo, na matatu kati yake ni ya nyumba na ya ukoo. Mgeni aliyetoka ng'ambo ya bahari hakuwa raia, hakuwa mwana wa mtu, hakuwa na mke wala ndugu. Milango minne ilikuwa imefungwa mbele yake. Mmoja tu ulikuwa wazi: ule wa rafiki. Sisi tunaojua uzito wa ukoo katika inchi yetu twaweza kufahamu jambo hili vizuri. Mtu asiye na ukoo mahali anapokaa hana wa kumsemea, ila amepata rafiki.

Aliyemfungulia mlango huo alikuwa mtu ambaye hatungemdhania. Jina lake Qu Rukui, mwana wa mkubwa wa serikali, aliyekuwa ametapanya mali ya baba yake. Alimjia Ricci huko Shaozhou kwa tamaa: alisikia kwamba wageni hawa wanajua siri ya kugeuza madini kuwa fedha. Ricci hakuwa na siri hiyo. Lakini hakumfukuza. Alimpa alichokuwa nacho, yaani hesabu, jeometria na elimu ya nyota. Mtu yule aliyekuja kutafuta fedha akageuka mwanafunzi hodari, na mwanafunzi akawa rafiki. Ndiye aliyemwambia Ricci ukweli ambao wengine hawakumwambia: kanzu ya mtawa wa Buddha haimpi heshima mbele ya wasomi, avae kama msomi. Mkubwa wao, Padri Alessandro Valignano, akakubali, na mwaka 1595 Ricci akabadili mavazi. Tuone vizuri: mwalimu alifundishwa na mwanafunzi wake. Asingekuwa na rafiki, nani angethubutu kumwambia?

III. Kitabu juu ya urafiki

Mwaka ule ule wa 1595 Ricci alifika Nanchang, mji wa wasomi wengi. Hapo alifahamiana na mtu mmoja wa ukoo wa mfalme, Mkuu wa Jian'an. Kwa ajili yake alitunga kitabu kidogo kwa Kichina, juu ya mambo ambayo watu wa Ulaya waliyafikiri kuhusu urafiki. Kilikuwa na maneno mafupi mafupi, ambayo baadaye yalifika mia moja, mengi yakiwa yametoka kwa wenye hekima wa kale kama Cicero na Seneca, na kwa walimu wa Eklezia kama Mtakatifu Augustino.

Kitabu hicho kilienda mbali kuliko mwandishi wake. Watu walikinakili kwa mkono, wengine wakakipiga chapa bila yeye kuwaomba. Qu Rukui alikiandikia dibaji mwaka 1599. Msomi mwingine, Feng Yingjing, aliandika dibaji nyingine mwaka 1601. Wachina waliona kwamba mgeni huyu, ambaye walimdhania kuwa mtu asiye na adabu za watu, anafahamu lile fungamano la tano kama wao. Kabla ya kuwaletea neno geni, aliwaonyesha neno ambalo wao na yeye walikuwa nalo pamoja. Huo ndio ufundi wa mwalimu mwema: huanzia pale mwanafunzi alipo.

Hukohuko Nanchang, mtawala wa jimbo alitaka wana wake wafaulu katika mitihani ya serikali. Ricci aliweza kusoma maneno mengi ya Kichina mara moja, kisha kuyarudia yote kwa kichwa, hata kuanzia mwisho. Mwaka 1596 akawaandikia vijana hao kitabu juu ya namna ya kushika mambo katika ukumbusho.

IV. Marafiki wa Beijing

Tarehe 24 Januari 1601 Ricci aliingia Beijing pamoja na Padri Diego de Pantoja, wakileta zawadi kwa Mfalme Wanli. Mfalme hakumwona Ricci hata mara moja kwa macho, lakini alizipenda saa zake. Saa zinahitaji mtu wa kuzitunza, na hivyo mapadri wakaruhusiwa kukaa. Mlango wa jumba la mfalme ulifunguliwa kwa saa. Milango ya mioyo ilifunguliwa kwa njia nyingine. Tutaje watu watatu tu.

Wa kwanza ni Li Zhizao wa Hangzhou, mtu wa serikali aliyependa jiografia. Alikuwa amechora ramani ya majimbo kumi na matano ya China, akidhani kwamba ndiyo karibu dunia nzima. Alipoona ramani ya Ricci, hakukasirika; alijifanya mwanafunzi. Mwaka 1602 wakapiga chapa pamoja ramani kubwa ya dunia yenye vipande sita, ambamo bara letu la Afrika nalo limo. Li alitaka kubatizwa, lakini alikuwa na suria, na Ricci hakuweza kumbatiza katika hali hiyo. Basi, je, waliachana? Hapana. Miaka karibu kumi walifanya kazi pamoja, walitafsiri vitabu pamoja, walikula pamoja. Ricci hakupunguza sheria ya ndoa kusudi ampate rafiki, wala hakupunguza urafiki kusudi amlazimishe.

Wa pili ni Xu Guangqi wa Shanghai, aliyezaliwa mwaka 1562. Alikuwa ameanguka mara nyingi katika mitihani ya serikali. Alionana na Ricci huko Nanjing mwaka 1600. Mwaka 1603 aliporudi Nanjing, Ricci alikuwa Beijing. Padri João da Rocha akambatiza, akampa jina la Paulo. Ricci hakuona wivu kwamba samaki wake amevuliwa na mwingine. Mwaka 1604 Xu akafaulu mtihani mkubwa, akakaa Beijing. Kila siku alikwenda nyumbani kwa Ricci. Ricci alisema, Xu aliandika, wakarudia na kusahihisha, mpaka vitabu sita vya kwanza vya Euclid vikatoka kwa Kichina mwaka 1607. Maneno mengi ya jeometria waliyoyachagua wawili hao yanatumika huko China mpaka leo. Xu alitaka kuendelea, lakini Ricci aliona afadhali kusimama kwanza. Kisha baba yake Xu akafa, naye akarudi Shanghai kushika matanga ya miaka mitatu, kama desturi ilivyotaka. Vitabu vilivyobaki vilingoja mpaka mwaka 1857.

Wa tatu ni Feng Yingjing, yule aliyeandika dibaji ya kitabu cha urafiki. Alikuwa mkubwa wa serikali mwenye haki. Towashi mmoja wa mfalme aliyekusanya kodi aliwatesa raia, Feng akampinga. Mwaka 1601 Feng alitiwa gerezani Beijing. Ricci alikuwa ndiyo kwanza amefika katika mji huo. Hakuwa na uhakika wa kukaa hata mwezi mmoja. Kumjua mtu aliyekasirikiwa na mfalme kulikuwa hatari. Hata hivyo alikwenda kumwona. Waswahili husema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Feng alifunguliwa mwaka 1604, akafa muda si mrefu baadaye, bila kupata ubatizo.

V. Je, ulikuwa chambo?

Hapa tunafika kwenye swali ambalo hatupaswi kulikwepa. Wako wanaosema: Ricci alitumia hesabu, ramani na urafiki kama chambo. Mvuvi wa ziwa letu hampendi mdudu anayemtia kwenye ndoana. Anampenda samaki, tena kwa kumla.

Swali hili si la leo. Huko Nanjing mwaka 1599 Ricci alionana na Li Zhi, mwenye hekima aliyejulikana sana kwa kusema bila woga. Li Zhi alimsifu kuwa mtu mzuri kuliko wengi aliowahi kuwaona. Lakini alimwandikia rafiki yake kwamba hajui mgeni huyu amekuja kufanya nini. Kama amekuja kubadili mafundisho ya Confucius kwa ya kwake, ingekuwa upumbavu; basi, bila shaka si hivyo. Neno hilo lachoma. Rafiki mwenye akili alimpenda Ricci, naye hakufahamu jambo lililokuwa kubwa kuliko yote katika moyo wake.

Tujibu nini? Kwanza tuseme kweli: Ricci alitaka kila rafiki yake ampokee Kristu. Hakulificha milele, mwaka 1603 alipiga chapa kitabu chake kikubwa juu ya Bwana wa Mbingu, kila mtu akaweza kukisoma. Pia alijua kwamba marafiki wenye vyeo huikinga misioni. Tena urafiki wake ulikuwa na mipaka: kwa watawa wa Buddha alikuwa mkali, na hakuwasikiliza kwa uvumilivu aliowapa wasomi wa Confucius. Hatumfanyi malaika.

Lakini kutumaini ni jambo moja, kutega ni jambo lingine. Mtegaji, samaki asipouma, huvuta kamba akaenda mahali pengine. Ricci hakuivuta kamba. Alimngoja Qu Rukui miaka kumi na sita hivi, mpaka akabatizwa mwaka 1605 kwa jina la Inyasi. Alimngoja Li Zhizao. Alikwenda gerezani kwa Feng, ambaye wakati ule hakuweza kumsaidia kwa lolote. Hiyo ndiyo alama tunayoitafuta. Bwana Yezu aliwaita mitume wavuvi wa watu, lakini usiku wa karamu ya mwisho aliwaita rafiki, na Yuda alikuwa ameketi naye mezani jioni ile ile.

VI. Baada ya kifo

Mwanzoni mwa mwaka 1610 Li Zhizao aliugua sana huko Beijing, mbali na watu wake. Ricci alimwuguza mwenyewe. Mgonjwa alidhani anakufa. Aliweka sawa maisha yake, akabatizwa kwa jina la Leo. Kisha akapona. Mwezi wa Mei ni Ricci aliyelala, amechoka kwa kazi na kwa wageni wasiokwisha. Tarehe 11 Mei 1610 alifariki, mwenye miaka 57. Li ndiye aliyeshughulikia jeneza. Xu Guangqi aliporudi Beijing mwishoni mwa mwaka hakumkuta tena, lakini alikuwapo siku ya mazishi mwaka 1611, katika uwanja ambao mfalme mwenyewe aliutoa.

Je, marafiki walikwisha pamoja naye? Mwaka 1616 mateso yalianza Nanjing. Xu akamwandikia mfalme kuwatetea mapadri, akihatarisha cheo chake. Li Zhizao na mwenzake Yang Tingyun waliwaficha wamisionari Hangzhou. Mapadri waliokingwa hivyo, wengi wao hawakuwa na urafiki wa zamani na watu hao. Walikula matunda ya mti uliopandwa na mwingine. Xu alipofariki mwaka 1633 alikuwa miongoni mwa washauri wakuu wa mfalme. Mjukuu wake, Candida Xu, alisaidia kujenga makanisa mengi.

Lakini waliokuja nyuma hawakuwa na subira ileile. Ricci alikuwa ameona kwamba heshima ambayo Wachina waliwapa wazee wao waliofariki si lazima iwe ibada ya sanamu. Wamisionari wengine walikataa, na ugomvi ukawa mrefu. Roma ilikataza heshima hizo mwaka 1704, tena mwaka 1715 na 1742. Mfalme wa China naye akakataza Injili. Ilipasa kungoja mpaka mwaka 1939, wakati wa Papa Pio wa 12, ndipo Roma ikawaruhusu wakristu wa China kuwaheshimu wazee wao. Sisi wa Kongo, ambao katika Misa iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988 tunawakumbuka wakubwa wetu waliotutangulia, tunajua uzito wa neno hilo.

Kaburi la Ricci liliharibiwa katika maasi ya mwaka 1900, likaguswa tena katika fujo za miaka ya 1960, na mara zote mbili likatengenezwa upya. Liko mpaka leo, na jiwe lake lina maandishi ya Kilatini na ya Kichina bega kwa bega. Tarehe 17 Desemba 2022 Baba Mtakatifu Fransisko alikubali itangazwe kwamba Ricci alishika fadhila za kikristu kwa ushujaa, naye tangu siku hiyo anaitwa Venerabili.

Wasomaji wapenzi, wengi wetu tutatumwa mahali ambapo hatuna ukoo, kwa watu ambao lugha yao bado hatujaijua. Milango minne itakuwa imefungwa. Tusiharakishe kuivunja. Tutafute wa tano. Na tukisha kuingia, tuwe tayari kufundishwa, kumngoja rafiki miaka kumi, kumtembelea gerezani, na kumwachia mwingine furaha ya kumbatiza. Onyo la wazee wetu litabaki na haki yake: urafiki unaofunga mlango si wa padri. Ule wa Ricci ulifungua, nao umebaki wazi.